Ufagio wa Januari

Kimaasai hakina sauti ya f. Hakina v, hakina z. Kwa hiyo mtoto wa Ololosokwan au Arash, huko Loliondo, anayeingia darasa la kwanza hukuta kuwa kitu cha kwanza alichoagizwa kwenda nacho shuleni, yaani ufagio, ni kitu ambacho ulimi wake haujawahi kukitaja. Pengine atasema upagio. Waliomtangulia kwa mwaka mmoja watamcheka, kama walivyochekwa wao Januari iliyopita.

Ufagio huo wenyewe una vituko vyake. Fomu za kujiunga, hasa za bweni na sekondari, hupenda kutaja fagio la chelewa, pamoja na jembe na mpini wake, ndoo, na rimu ya karatasi. Chelewa ni uti wa ukuti wa mnazi, na Loliondo ni nchi ya juu, ya baridi na upepo, mamia ya kilomita kutoka mnazi ulio karibu. Fagio la chelewa likifika Wasso ujue limepanda basi Arusha, limepita Mto wa Mbu na Engaruka, limekula vumbi la Engaresero chini ya Oldonyo Lengai, likakwea ukuta wa Bonde la Ufa kabla ya kuonja lami ya Sale. Mzazi mwenye akili zake hukata vichaka vya porini, akavifunga kwa gome, na ua linafagilika vizuri tu. Lakini orodha haibadiliki. Iliandikwa na mtu aliyekuwa akitazama mnazi.

Naanza na ufagio kwa sababu maandalizi ya darasa, tunavyoyazungumza Tanzania, yamekuwa mambo ya mwalimu na karatasi zake. Mwalimu akirudi likizo anaulizwa: azimio la kazi liko wapi? Andalio la somo? Daftari la mahudhurio limeandikwa majina? Chati zimebandikwa? Madawati yanatosha? Ni maswali ya haki, na anayeyadharau hajawahi kukabidhiwa watoto themanini na chaki tatu. Ila yote yanachukulia kwamba darasa huandaliwa na mtu mmoja, wengine wakaja kulikuta. Loliondo na jirani yake Sale ni mahali pazuri pa kulitilia shaka wazo hilo, kwa maana mtoto wa huko, kabla hajalifikia darasa, amekwisha kuona mahali pengine pa kujifunzia, na karibu pote hapakuandaliwa hivyo.

Tazama nyumba aliyozaliwa. Enkaji hujengwa na mwanamke, tangu kuchimbia fito hadi kukandika. Fito hupindwa na kufumwa kama kikapu kilichofunikwa kifudifudi, kisha hukandikwa kwa samadi ya ng'ombe iliyochanganywa na udongo. Paa likianza kupasuka mama hapeleki maombi kwa mtu. Huamka asubuhi, hukusanya samadi ingali mbichi, hupanda na kuziba kabla mvua haijamwahi. Binti wa miaka saba hushika kando yake. Hafundishwi kwa maneno, hupewa kipande cha ukuta. Akikosea, mvua humwonyesha alipokosea, na humwonyesha yeye na familia nzima usiku huohuo.

Wavulana wanapofikia umri wa kuwa morani, kazi hiyo ya akina mama hupanuka. Neno manyata, ambalo sisi wa mijini tunalibandika kwenye boma lolote la Kimaasai tuonalo tukiwa ndani ya gari, kwa wenyewe ni jina la kijiji maalumu cha morani, emanyatta, na kijiji hicho huwa ni kipya. Hawaendi kukaa katika nyumba za rika lililopita. Mama zao huhama nao na kuwajengea. Moto wa rika jipya huwashwa kwa kupekecha vijiti, na wanaousimamia ni wazee waliolitangulia rika hilo kwa marika mawili. Wazee hao huitwa kwa jina la kijiti hicho, olpiron, na ndio watakaowaonya, kuwafundisha na kuwatoza faini morani hao kwa miaka mingi. Kwa hiyo mwalimu huwasha moto, mama hukandika ukuta, na mwanafunzi hukata fito na kuchunga. Shirika la UNESCO lilipoziandikisha mwaka 2018 sherehe za enkipaata, eunoto na olng'esherr za Wamaasai wa Kenya katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka, walioandikisha walisisitiza ngoma, kunyoa nywele na baraka. Mimi ningeongeza ujenzi. Kabla hakijaimbwa chochote, kuna watu waliochafua mikono.

Halafu kuna orpul, kambi ya nyama. Morani huchagua mahali pa siri kwenye msitu au pango lenye maji karibu, huzungushia miiba, hutandika matawi ya leleshwa yenye harufu kali ili walalie, huchinja, huchemsha magome na mizizi pamoja na supu. Hapo ndipo mdogo hujifunza kugawa nyama kwa haki, kutambua miti, kuzungumza kwa zamu na kunyamaza. Hakuna aliyewatangulia kuwatandikia. Mwenye kuchelewa kukata matawi atalala juu ya mawe, na hilo ni somo la kwanza.

Teremka kutoka kwa Wamaasai uende kwa Watemi, ambao wengi tunawaita Wasonjo, huko Digodigo, Sale na Samunge. (Samunge ndiko taifa zima lilikopanga foleni mwaka 2011 kwa kikombe cha mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, cha shilingi 500. Ilikuwa mara ya kwanza kwa Watanzania wengi kusikia jina la Loliondo, na wengi hawakusikia lingine lolote baada ya hapo.) Watemi ni wakulima wa umwagiliaji katika nchi kavu iliyozungukwa na wafugaji, na maisha yao yanategemea mifereji. Maji hugawiwa kwa zamu, na wapangao zamu ni baraza la wazee wa kurithi, wenamiji. Lakini kabla hawajagawa kitu, mfereji lazima uzibuliwe: matope yatolewe, kingo ziimarishwe, mizizi ikatwe. Kazi hiyo huitiwa kijiji. Kijana wa Kitemi huijua ramani ya maji ya kijiji chake kwa jembe kabla ya kuijua kwa maneno, kwa sababu alisimama ndani ya mfereji huo maji yalipokuwa bado hayajaja.

Neno zamu lina maana pia ofisini mwa walimu. Kila shule ina mwalimu wa zamu, anayegonga kengele, mara nyingi rimu ya gari iliyoning'inizwa mtini, na kukagua kucha na usafi mstarini. Kwa wenamiji, zamu ni haki ambayo mtu ameitolea jasho. Shuleni zamu ni wajibu wa mkubwa kuwatazama wadogo wakitoa jasho. Neno ni moja, lakini ukisimama nalo mferejini na ukisimama nalo mstarini unahisi tofauti miguuni.

Pwani nako, ambako orodha ya chelewa ilizaliwa, kulikuwa na namna nyingine kabisa. Chuo cha Kurani cha zamani hakikuwa na mwaka wa masomo. Mwalimu alikaa barazani au sebuleni kwake, mkeka umetandikwa, na kila mtoto alianza siku aliyoletwa na wazazi wake. Huyu yuko kwenye alifu, yule ameshafika juzuu ya kumi, wote mkeka mmoja. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo ni miongoni mwa walioyaeleza maisha ya chuo kwa Kiswahili, katika Desturi za Wasuaheli, kitabu kilichochapwa mwaka 1903. Kilichoandaliwa hapo hakikuwa chumba, kilikuwa ubao. Kila mtoto na wake. Wino ulitengenezwa kwa masizi na gundi ya mti, kalamu ilichongwa kwa mwanzi. Somo likishakaa kichwani, mtoto aliuosha ubao wake mwenyewe, akaukausha juani, akaurudisha mweupe kwa mwalimu ili aandikiwe somo jingine. Mwaka mpya wa mtoto wa chuo ulianza kila alipoosha ubao, na ulianzishwa na mikono yake. Sisemi kwamba chuo kilikuwa pepo. Bakora ilikuwapo, na wengine walioosha ubao hadi ukachakaa hawakujua maana ya walichokiosha. Lakini swali la nani ameandaa nini halikuwahi kuwa na utata.

Katika hayo yote, ya milimani na ya pwani, anayejifunza ana sehemu yake katika kupaandaa mahali, na sehemu hiyo ni ya somo lenyewe. Hapa msomaji atanikatiza, na ana haki: je, wanafunzi wa Tanzania hawafagii? Hawachoti maji? Hawasombi mchanga? Wanafanya hayo kuliko watoto wa nchi nyingi. Mtoto anayefika shule ya msingi saa moja asubuhi na dumu la maji na fagio ameshafanya kazi kabla ya kengele. Kasoro ni kwamba hakuna anayeiita kazi hiyo darasa. Usafi hufanyika kabla ya masomo, ukaguzi hufuata, na aliyechelewa hupewa usafi zaidi kama adhabu. Ndani ya wiki moja mtoto ameelewa: ufagio ni wa mkosaji, kitabu ni cha mwema.

Mwalimu Nyerere alilijua tatizo hili na akaliandikia Machi 1967 katika Elimu ya Kujitegemea. Alihoji kwa nini shule za nchi maskini ziajiri watu wa kuwafanyia vijana kazi ambazo wangeweza kuzifanya wenyewe, na akataka shule iwe jumuiya inayojilisha. Wazo lilikuwa zuri kuliko lilivyotendeka. Katika shule nyingi lilishuka likawa jembe bila somo: asubuhi mnalima shamba la shule, mchana mnakariri, na hakuna aliyeliunganisha shamba na hesabu za ekari. Ufagio ukabaki ulipokuwa.

Nchini Japani watoto hupangua viti na kufagia darasa lao wenyewe. Wazazi wengi huanza mwaka wa masomo, ambao kule ni Aprili, kwa kushona kitambaa cha kufutia sakafu kutokana na taulo kuukuu, mtoto akaenda nacho. Ni ufagio wao wa Januari. Ninavyoona, kinachowatofautisha na sisi si nidhamu ambayo watu huisifu mno. Usafi wao una kipindi chake kwenye ratiba, na mwalimu naye huinama na kitambaa. Maria Montessori, aliyefungua nyumba yake ya watoto katika mtaa wa San Lorenzo mjini Roma tarehe 6 Januari 1907, alikwenda njia nyingine: rafu fupi, viti vyepesi, kila kitu mahali ambapo mkono wa mtoto unafika, ili mtoto mwenyewe akitoe na akirudishe. Mafunzo yake yamefika Tanzania, na walimu wa awali waliopitia vyuo vyake utawatambua kwa jinsi wanavyokasirika wakiona kabati limefungwa kufuli.

Basi turudi Loliondo, kwenye chumba chenyewe. Madarasa ya huku yana umri wa matamko. Kuna yaliyotokana na Operesheni Imparnati ya katikati ya miaka ya 1970, wafugaji walipoelekezwa kukaa katika vijiji vya kudumu, wakati huohuo Azimio la Musoma la 1974 lilipotaka kila mtoto awe shuleni ifikapo 1977. Kuna ya MMEM, mpango wa maendeleo ya elimu ya msingi ulioanza 2002 baada ya ada ya shule ya msingi kufutwa. Kuna ya fedha za UVIKO, zile shilingi trilioni 1.3 zilizotangazwa Oktoba 2021, ambazo nchi nzima zilijenga madarasa 12,000 ya sekondari na 3,000 ya shule shikizi, yote yakitakiwa kuwa tayari Januari 2022. Shule shikizi, kwa asiyejua, ni darasa moja au mawili yanayowekwa karibu na watoto wadogo ambao miguu yao haifiki shule mama. Kwa mtoto anayepaswa kupishana na tembo njiani, hilo si jambo dogo hata kidogo. Nalisifu bila kigugumizi.

Ila angalia hatua moja iliyopotea kati ya kizazi kimoja cha madarasa na kingine. Darasa la sakafu ya udongo lilidai samadi. Bila kukandikwa lilitoa vumbi, na vumbi lililea funza, na funza walikula vidole vya watoto. Kwa hiyo katika shule nyingi za bara, Ijumaa ilikuwa siku ya samadi: watoto wanaleta, wanachanganya na maji, wanapaka sakafu kwa mikono, wanatoka, inakauka hadi Jumatatu. Mwalimu aliyetoka mjini aliona uchafu. Binti wa boma aliona kitu anachokijua kuliko mwalimu. Hiyo ilikuwa ni saa pekee katika wiki nzima ambapo mtoto asiyejua neno la Kiswahili alikuwa fundi, na mwenye Kiswahili chake fasaha alikuwa mwanagenzi. Sasa sakafu ni saruji, funza wamepungua, na mimi si mwendawazimu wa kutamani funza warudi. Lakini saa ile ya ufundi wa binti haikupewa mahali pengine. Ilipigwa plasta pamoja na sakafu.

Mwalimu wa leo akiingia chumba hicho cha saruji wiki moja kabla ya kufungua, ana nini mkononi? Kwa miaka mingi ruzuku ya shule ya msingi imehesabiwa kwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na 4,000 kati ya hizo hubaki juu kwa ajili ya vitabu. Zinazobaki ni za chaki, ukarabati, mitihani na kila kitu kingine. Tangu elimu bila ada ianze Januari 2016, michango ya lazima imepigwa marufuku, kwa hiyo hata ufagio, kisheria, mwalimu mkuu anauomba kwa tahadhari kupitia kamati ya shule. Ubao uliopauka hupakwa upya kwa mkaa uliosagwa na majani, au, kwa mkato usiopendeza, kwa unga mweusi wa betri za tochi. Masizi yaleyale ya chuo cha pwani yamepanda mlima. Chati huchorwa kwenye manila au magunia. Vizibo vya soda vinakuwa hesabu. Semina za miaka ya karibuni zimewaletea walimu msemo wa darasa linaloongea: kuta zijae herufi, silabi, picha, kona ya kusoma, kona ya hisabati, ili mtoto akigeuza macho popote afundishwe.

Nalikubali wazo, kwa swali moja: linaongea na nani? Kuta za Loliondo huongea a, e, i, o, u, kisha ba, be, bi, bo, bu, kwa mtoto ambaye nyumbani husema Kimaasai au Kitemi. Tangu 2015 darasa la kwanza na la pili wamekazia KKK, kusoma, kuandika na kuhesabu, na vyote vitatu kwa Kiswahili. Hoja ya Kiswahili ninaielewa kuliko wale wanaoipinga wakiwa mbali. Chumba kimoja cha Sale kinaweza kuwa na Mmaasai na Mtemi, ambao wazee wao wamegombea malisho na mashamba, wakati mwingine kwa silaha, na Kiswahili ndiyo lugha pekee isiyomdai mmoja wao ashindwe. Tena darasa ndilo pahali pa kujifunzia pekee, kati ya yote niliyoyataja, linalomkalisha msichana na mvulana, wa rika hili na rika lile, dawati moja. Orpul haina nafasi hiyo. Baraza la mfereji ni la wanaume. Sitaki mapokeo yaturudishe huko.

Lakini ukuta hauna sheria ya lugha ya kufundishia. Wamaasai na Waarusha wana ishara za vidole kwa namba moja hadi kumi, mara nyingi kwa mkono mmoja tu, na kila namba ina umbo lake. Mtu hasemi ng'ombe watano bila mkono wake kusema pia. Mwanaanthropolojia P. H. Gulliver aliziandika ishara za Waarusha mwaka 1958 katika Tanganyika Notes and Records. Tangu hapo zimeishi kwenye minada na zimekufa kwenye makala, na sijui kwa nini hazijawahi kupanda ukutani. Chati moja: mkono, chini yake tarakimu, chini yake neno. Nabo, moja. Aare, mbili. Okuni, tatu. Na mchoraji asiwe mwalimu. Awe mtoto wa darasa la tano, ambaye mdogo wake anaingia la kwanza. Huo ndio ukandikaji uliobaki katika chumba cha saruji.

Jambo jingine ambalo kuta haziwezi kuliandaa ni wakati. Januari ya Loliondo huja kati ya vuli na masika, na anayeijua huijua kwa majani, si kwa kalenda. Mvua za vuli zikikosekana, kama zilivyokosekana katika ukame uliomaliza mifugo mwaka 2009 na tena 2022, ng'ombe wako mbali na wachungaji wako nao, na wachungaji ni wanafunzi. Malisho yenyewe yamebadilika: kilomita za mraba 1,500 ziliwekewa vigingi mwaka 2022 zikawa Pori la Akiba la Pololeti, na kutoka Tarafa ya Ngorongoro kaya zimehamia Msomera, Handeni, zikaacha majina yao katika madaftari ya mahudhurio. Wengine likizo ya Desemba wameingia jando. Ukisafiri majira hayo kati ya Karatu na Serengeti utawaona barabarani, wamevaa nyeusi, nyuso zimechorwa chokaa nyeupe. Wale ni sipolio. Baadhi yao wana namba katika darasa la sita. Watarudi wakiwa watu wazima kwa hesabu ya boma, na watakalishwa dawati lilelile la goti juu, na mwalimu wa kike aliyewafundisha Novemba atashangaa kwa nini hawamwitikii kama zamani. Kwa binti mambo ni mazito zaidi. Sheria ya elimu ilirekebishwa mwaka 2016, na anayemwoa mwanafunzi anakabiliwa na kifungo cha miaka 30. Mwishoni mwa 2021 aliyejifungua akaruhusiwa kurudi. Lakini dawati lake la Januari huwa tayari limehamishiwa ukutani, na hakuna aliyemwambia lipo.

Uganda walijaribu kuuandaa wakati wenyewe. Huko Karamoja, kuanzia 1998, mpango wa ABEK uliwafundisha watoto wa wafugaji karibu na mazizi, chini ya miti, asubuhi mapema kabla ng'ombe hawajatoka na jioni baada ya kurudi, kwa walimu waliotoka katika jamii hiyohiyo. Kaskazini mwa Kenya duksi, chuo cha Kurani cha Wasomali, huhama na ngamia, mbao za kuandikia zimefungwa pamoja na mizigo. Tanzania iliamua kinyume: chumba kisimame, watoto wasogezwe, na kwa walio mbali pawe na bweni au shikizi. Kila njia ina gharama yake. ABEK ililalamikiwa kuwa mlango wa nyuma wa elimu ya daraja la pili. Bweni humtoa mtoto kwenye orpul na mfereji pamoja. Nisichokielewa ni kwa nini sisi, tuliochagua chumba kisimame, hukiandaa kwa wiki moja tu, kana kwamba wote watafika Jumatatu. Loliondo watu hufika hadi Machi. Emanyatta haifungwi kwa aliyechelewa kuleta fito zake. Akifika, huonyeshwa pengo lake kwenye ua.

Ndiyo maana nikimfikiria mwalimu aliyeletwa huku kutoka Kagera au Ruvuma, siwezi kuanza na azimio lake la kazi, ambalo najua ameliandika usiku kwa taa ya sola. Namfikiria katika mambo madogo zaidi. Amewaita mama watatu na binti zao waone sakafu na dirisha kabla ya kufungua? Anajua jina la mtoto linatamkwaje na mama yake, kabla ya kulitamka vibaya mbele ya sabini? Ametoka kwenda enkang, yaani boma, mojawapo, jioni, ng'ombe wakirudi, akaulizia wako wapi wale watatu wa darasa la nne? Hayo hayamo katika fomu ya ukaguzi ya Afisa Elimu Kata. Yanakula muda wake na hayalipiwi posho.

Na kuna jambo la siku yenyewe. Mwalimu wetu amelelewa kungoja shikamoo. Mtoto wa Kimaasai, akikutana na mkubwa, haanzi kwa neno: huinamisha kichwa akanyamaza, na mkubwa huweka kiganja utosini, ndipo salamu itokee. Jumatatu ya kwanza, basi, mlangoni mwa darasa la kwanza, pana mtoto ameinama na fagio la vichaka mkononi, hasemi kitu. Mwalimu anadhani ni aibu, au jeuri. Mkubwa wa darasa la tano anamnong'oneza kitu sikioni. Mwalimu anatazama kiganja chake, cheusi kwa mkaa wa ubao aliopaka asubuhi ile, anakifuta kwenye suruali mara mbili, na kichwa bado kimeinama, kinangoja.